Vishikio vya Asenath

Ijumaa hiyo Gachanja alikosea kuhesabu mara mbili, na mara zote mbili Jecinta alimsahihisha bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani yake.

"Umeruka kumi na mbili," Jecinta alisema. "Kama umechoka, sema nihesabu mimi. Msichana wa watu anavunjika mgongo hapo chini."

Gachanja hakuwa amechoka. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa katika chumba cha Jecinta kule mtaa wa Mbotela, mgongo ukutani, na mbele yake, juu ya sakafu nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, Asenath, rafiki wa Jecinta, alikuwa akipiga presapu, akishusha kifua na kujiinua kwa mikono. Alivaa suruali ya michezo ya kaka yake, blauzi kuukuu ya shule, na kitambaa kichwani. Mikono yake haikugusa sakafu. Ilishika vishikio viwili vya chuma ambavyo Gachanja alivitengeneza mwenyewe kwa vipande vya nondo, akavikunja mfano wa vijistuli visivyo na kikalio, kisha akavivalisha mti wa fagio ili chuma kisimchubue. Alimpima kiganja kabla ya kukata. Siku ile ya kupima alichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka, na wote wawili walilijua hilo.

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haya yao yalikuwa yamekohoa kutoka Mbotela mpaka Shauri Moyo, na kila aliyeyasikia alikuwa na la kusema.

Gachanja alichomelea majiko na madirisha katika kibanda kimoja pembeni mwa soko la Gikomba, na jioni alirudi Shauri Moyo kwa mama yake. Asenath aliishi hukohuko Mbotela kwa kaka yake Andati, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, ambaye ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Andati alikuwa na ndoto moja tu juu ya dada yake: avae sare. Alimtafutia nafasi, akamsisitiza, na sasa Asenath alikuwa ameitwa. Jumatatu ijayo wasichana wangepangwa uwanjani, wakimbie, wapimwe urefu, wapige presapu mbele ya afande wa kike, na watakaofaulu wangechukuliwa kufundishwa uaskari wa magereza. Huko chuoni mtu haolewi. Akitoka chuoni hupelekwa gereza lolote, Kodiaga, Shimo la Tewa, Embu, kokote ambako kuna mfungwa na ufunguo.

Gachanja alilijua hilo tangu mwanzo, na alikuwa amejipa moyo. Alisema atangoja. Kusema kulikuwa rahisi wakati ule, kwa sababu wakati ule Asenath hakuweza kupiga hata presapu tano.

Kisa kilikuwa kifundo cha mkono wa kulia. Utotoni, kule kwao magharibi, alianguka na debe la maji, na aliyemfunga mkono alimfunga kwa vijiti na mafuta ya samli. Mfupa uliunga, lakini uliunga kwa namna yake. Asenath aliweza kufua, kupika ugali wa watu kumi, kuinua gunia. Kitu kimoja tu hakikumkubali: kuweka kiganja wazi chini na kukiegemea kwa uzito wa mwili. Hapo kifundo kilikunjwa nyuma mpaka machozi yakamtoka.

Basi walijaribu kila namna. Walijaribu magoti yakiwa chini, ikawa afadhali lakini si presapu ya kumwonyesha afande. Walijaribu kwa ngumi, ngozi ya vidole ikachubuka na Jecinta akapaka dawa siku tatu. Wakajaribu kushika matofali mawili, yakayumba. Ndipo Gachanja, ambaye zamani aliwahi kujifunza ngumi katika ukumbi wa mtaani, akakumbuka vyuma vya kushika walivyokuwa navyo mabondia, akaenda kibandani akavitengeneza. Mkono ukiwa umeshika kitu, kifundo hunyooka kama mtu aliyebeba ndoo. Asenath alishuka mara ya kwanza, akapanda, akamtazama. Hakukuwa na maumivu. Alicheka kwa furaha, na Gachanja akaona kwamba amefanya jambo kubwa.

Kosa alilifanya siku hiyohiyo. Ili kumtia moyo, alimwambia kwamba presapu za vishikio ni ngumu kuliko za mikono mitupu. Alimweleza vizuri kabisa. Ukiweka viganja sakafuni, kifua kikigusa chini umefika, huna pa kwenda. Lakini ukishika vyuma, kifua kinazama chini kupita mikono yako, msuli unavutika mpaka mwisho, na kupanda kutoka huko ndiko kazi. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Yaliyobaki, ya kifundo, hakuyasema, kwa sababu wakati ule hata yeye hakuyafikiria.

Sasa aliyafikiria. Tangu jana alikuwa hafikirii kitu kingine.

Jana, Alhamisi, Mzee Okumu alikuja kibandani kuchukua jiko lake. Okumu alikuwa askari wa magereza wa miaka mingi, mtu wa maneno, na alipoona vishikio vingine ambavyo Gachanja alianza kuviunda kwa ajili ya bondia mmoja, alicheka. Alisema vitu kama hivyo huwaharibia watu bahati. Pale uwanjani ni kiganja wazi juu ya udongo. Mtu akikunja ngumi anaambiwa asimame aende nyumbani, na wale waliozoea kushika vyuma kwenye kumbi ndio wanaoanguka kwanza, kwa sababu vifundo vyao havijawahi kufanya kazi. Alilipa, akabeba jiko lake, akaenda. Gachanja alibaki amesimama huku kipande cha chuma kikipoa mkononi mwake.

Na leo alikuwa amekalia ndoo, akihesabu.

"Ishirini na nane," alisema. "Ishirini na tisa. Thelathini."

Asenath aliweka magoti chini, akapumua, akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Alisema sasa haogopi tena. Alisema kama ameweza zile ngumu, hizi rahisi za Jumatatu zitamshindaje? Aliyezoea kubeba gunia hatalemewa na kikapu. Jecinta aliitikia kwamba ni kweli, akasimamisha cherehani.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Gachanja alifungua mdomo. Aliona jasho shingoni mwa Asenath, aliona lile pengo dogo la meno yake ya mbele, na jambo moja likamjia wazi bila kuitwa: akianguka Jumatatu, atabaki hapa. Atabaki Mbotela, na kabla ya mwaka kwisha atakuwa mke wangu.

Alifunga mdomo.

"Mbona umenyamaza hivyo?" Asenath alimuuliza.

"Nawaza kazi ya watu. Kuna dirisha la mtu sijamaliza."

"Nikienda, utanisahau?"

"Sitakusahau."

"Utaningoja?"

"Nitakungoja," alisema Gachanja, na alipokuwa akisema alijua kwamba hatakuwa na mtu wa kumngoja. Alivirudisha vishikio chini ya kitanda kwa mikono yake mwenyewe, akavipanga vizuri, akaaga.

Nyumbani Shauri Moyo mama yake alikuwa amepika njahi, yale maharagwe meusi. Mama Gachanja alikuwa mwanamke wa kanisa na wa soko, mjane aliyeuza viazi Gikomba akasomesha watoto, na huyu ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Hakuwa mtu mbaya. Ukabila haukumsumbua, alikuwa na marafiki wa Kiluhya, kabila la Asenath, ambao alikaa nao benchi moja siku za maombi. Kilichomsumbua ni sare. Alisema mwanamke wa sare hulala na filimbi shingoni, na siku atakapomkasirikia mumewe ataipuliza mtaa mzima uamke. Alisema mke kazi yake ni kuwa mahali ambapo mume akirudi anamkuta. Alisema mengi, na Gachanja alizoea kumjibu.

Jioni ile hakumjibu. Walikaa mezani, mama akafumba macho kubariki chakula, na kama kawaida yake sala ikapita kwenye chakula ikaendelea mbele. Aliwaombea wagonjwa. Aliwaombea walio safarini. Kisha akashusha sauti.

"Na yule msichana wa Mbotela, Baba, umfungie hiyo njia Jumatatu. Umfungie kwa upole, asiumie. Abaki, tuone kama atakuwa mtu wa nyumba."

"Amina," alisema Gachanja.

Alilisikia neno likitoka. Lilikuwa limetoka haraka, tena kwa sauti, kuliko amina zote alizowahi kusema katika nyumba ile. Mama alifumbua macho akamtazama kwa mshangao, kisha akafurahi, akamwekea njahi kijiko kikubwa. Alidhani mwanawe amerudiwa na akili. Gachanja alitazama sahani. Kumtakia mabaya mtu unayempenda, halafu kumwita Mungu shahidi! Aliona aibu, akaisukuma sahani kando.

Jumamosi, mara tu alipoweza kuacha kibanda, alikwenda Mbotela. Njiani alipanga maneno. Alipanga kuanza kwa kuulizia hali, apitie habari za Okumu, afike kwenye jambo taratibu. Alipofika, Asenath alikuwa amekwisha kuvitoa vishikio na kuviweka sakafuni, na maneno yote yakapotea.

"Leo usivitumie hivyo," alisema.

"Kwa nini?"

"Jumatatu havitakuwepo. Ni kiganja wazi. Hata ngumi hawakubali."

Asenath alicheka kidogo. Alisema analijua hilo, si ndiyo maana amejizoeza kwa zile ngumu. Gachanja alichuchumaa mbele yake, akamwambia lile alilopaswa kumwambia zamani. Vishikio vinafanya kazi ya kifua iwe kubwa, ndiyo, lakini kazi ya kifundo vinaifuta kabisa. Siku zote hizi kifua chake kimekuwa kikisoma shule na kifundo kimelala. Leo kinajua kilekile kilichokijua mwanzoni, yaani hakuna kitu.

Kicheko kiliondoka usoni mwa Asenath polepole. Hakubishana. Alivisukuma vishikio kando, akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya sakafu, akanyoosha miguu, akashuka. Ya kwanza ilipita. Ya pili ilipita, midomo ikiwa imebanwa. Ya tatu mkono wa kulia ulitetemeka, na ya nne haikufika, alianguka kwa bega na sauti ikamtoka ambayo Gachanja hakuwahi kuisikia. Aliruka kumshika.

"Usiniguse."

Alikaa sakafuni ameushikilia mkono wake kifuani. Jecinta alikuwa ameacha cherehani. Nje, mtoto wa jirani alikuwa akiimbiwa na mama yake, na wimbo uliendelea tu.

"Haya umeyajua lini?" Asenath aliuliza.

Jibu rahisi lilikuwepo. Angesema leo asubuhi. Okumu hakuwa mtu wa Mbotela, nani angemuuliza? Gachanja aliliona jibu hilo, akaliona lilivyo zuri, na akakumbuka amina.

"Alhamisi."

"Alhamisi," Asenath alirudia. "Na jana ulikuwa umekaa pale juu ya ndoo, unanihesabia."

"Ndiyo."

"Ukaviweka chini ya kitanda mwenyewe. Nikakuona ukivipanga."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Gachanja?"

"Kwa sababu ukianguka utabaki."

Jecinta aliinuka, akachukua ndoo ya maji iliyokuwa imejaa, akasema anaenda kuchota maji, akatoka. Walibaki wawili. Asenath hakulia, na hilo lilimtisha Gachanja kuliko machozi. Alianza kusema kwa sauti ya chini, akimtazama usoni. Alisema kaka yake amekula mkate mkavu na chai kazini miaka yote ili yeye amalize shule. Alisema kila asubuhi akiamka anahesabu kilichobaki kabla ya Jumatatu, na usingizi umemkimbia, na mtu pekee aliyekuwa akimtuliza ni yeye Gachanja. Mtu huyo ndiye aliyekuwa akimchimbia shimo.

"Si wewe ulinipima mkono?" alisema. "Ulinishika hapa, ukaniambia ni mkono mzuri, hauna makosa. Nikakuamini wewe kuliko ninavyouamini mkono wenyewe."

Gachanja alisema ameponzwa na mapenzi. Asenath akamwambia asiyatie mapenzi katika jambo hilo, mapenzi hayakumfunga mdomo, alijifunga mwenyewe.

"Nenda," alisema. "Na uvichukue vyuma vyako."

Gachanja aliviokota. Alifika mlangoni, akaweka mkono kwenye komeo, akageuka. Aliogopa kusema, lakini aliogopa zaidi kumwacha hivyo.

"Nifukuze, lakini nisikilize kwanza. Umeweka vidole vikielekea mbele. Vigeuze vitazame nje, kidogo tu. Kifundo hakitakunjika chote."

Asenath aliviweka viganja chini tena.

"Sema yote," alisema. "Usibakishe kitu tena."

Akasema yote. Alilala sakafuni mwenyewe akamwonyesha, kwa mikono mitupu, maana mikono mitupu ndiyo ingekuwa kule. Uzito usikae kwenye kisigino cha kiganja, ukae mbele, kwenye mashina ya vidole. Vidole viishike ardhi, viibane, kama mtu anayetaka kuichota. Mikono ipanuke kidogo kuliko mabega. Ashuke mpaka kifua kiguse basi, asitafute kuzama kama alivyozoea kwenye vyuma, kwa sababu uwanjani hakuna zawadi ya kuzama. Na kifua chake sasa kina nguvu za kutosha. Hicho angalau vishikio vilimfanyia, hakikupotea.

Asenath alijaribu. Alipiga sita, akapumzika, akapiga saba. Maumivu yalikuwepo, Gachanja aliyaona usoni mwake, ila safari hii Asenath hakuanguka. Alipotaka kumshukuru alijizuia, akageuza uso ukutani. Gachanja alitoka na vyuma vyake ndani ya karatasi ya unga, akampita Jecinta aliyekuwa amesimama nje na ndoo yake iliyojaa.

Jumapili ilikuwa ndefu. Alikwenda kanisani na mama yake, akaimba bila kusikia anachoimba. Mchana Jecinta alipita kuleta habari. Alisema Asenath amekuwa akiutia mkono ndani ya maji moto na chumvi tangu atoke kanisani, na anafanya mazoezi, na anapumzika, na anafanya tena.

"Amenitaja?" Gachanja aliuliza.

"Hapana."

"Hata kwa kunitukana?"

"Hata kwa kukutukana. Hapo ndipo nakuonea huruma," alisema Jecinta, akaenda zake.

Jumatatu uwanja ulijaa mapema. Wazazi, kaka, mashangazi na wachuuzi wa mahindi ya kuchoma walijipanga nje ya ua wa waya, na ndani wasichana walisimama mistari mirefu, wengine na viatu, wengine peku. Andati hakupewa ruhusa kazini. Gachanja alikuja bila kualikwa na mtu. Alijipenyeza mpaka kwenye waya, karibu na nguzo, akasimama pembeni mwa Jecinta ambaye alimtazama, akasogea kumpa nafasi.

Walikimbia. Asenath alikuwa katika kundi la katikati, akamaliza vizuri. Wakapimwa urefu, baadhi wakarudishwa, mmoja akatoka analia mikononi mwa mama yake. Kisha afande wa kike, mwanamke mnene mwenye kofia iliyokaa sawasawa, akawaamuru waliobaki walale kwa safu. Viganja chini. Msichana mmoja wa mbele alikunja ngumi kwa mazoea, akaguswa begani kwa kifimbo, akainuka akaenda nje.

Asenath aliweka mikono yake kwenye udongo. Hata kwa mbali Gachanja aliona vidole vikigeuka nje, vikiishika ardhi.

Afande alihesabu kwa sauti moja, polepole. Polepole ndiyo ilikuwa mbaya. Kumi zilipita. Asenath alishuka na kupanda pamoja na wenzake, uso ukiwa chini. Baada ya kumi na tano wasichana wawili walilala kifudifudi wasiinuke. Bega la kulia la Asenath lilianza kucheza. Afande aliacha safu, akaja akasimama juu yake, akatazama ule mkono.

"Huu mkono una nini?"

"Ulivunjika zamani, afande."

"Unauma?"

"Hapana, afande."

Kila mtu aliyekuwa kwenye waya upande ule alisikia uongo huo, maana sauti yake ilikuwa imekauka. Afande alibaki pale pale, akahesabu akiwa amemwinamia. Kumi na nane. Asenath alishuka, akakaa chini muda mrefu kuliko wenzake, na Gachanja akashika waya kwa mikono miwili. Kisha akapanda. Kumi na tisa akapanda. Ishirini alipanda huku mwili wote ukitetemeka, mkono wa kulia umepinda, na hapo juu afande akawaacha wote wamening'inia, akawatazama mmoja mmoja, ndipo akasema inatosha.

Waliambiwa wapumzike karibu na ua, majina ya waliofaulu yatasomwa. Hakuna aliyejua kama afande aliridhika. Asenath alikuja moja kwa moja kwenye nguzo, akiwa na udongo mashavuni. Kifundo chake kilikuwa kimevimba kikawa mviringo. Jecinta alianza kumsifu, lakini Asenath alikuwa akimtazama Gachanja.

"Nilipokuwa chini, ulikuwa unaomba nini?"

Jecinta alimkanyaga Gachanja mguu. Alikuwa anamwambia aseme jambo zuri.

"Mwanzoni niliomba uanguke," Gachanja alisema. "Sikutaka, lakini moyo uliomba. Ulipofika ile ya kumi na nane ukakaa chini, nikasema hapana, Mungu, yote niliyoomba tangu Ijumaa usiyasikie, mnyanyue. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siwezi kukupa jibu jingine zuri."

Ndani ya uwanja mtu alikuwa ameanza kujaribu kipaza sauti.

"Ungeninyamazia Jumamosi, ningebaki," alisema Asenath.

"Najua."

"Tungeoana. Ningekupikia, ningekuzalia watoto, na nisingejua kamwe."

"Mimi ningejua."

Macho ya Asenath yalijaa maji, yale maji aliyoyanyima Jumamosi. Alipitisha mkono wake wa kulia kwenye tundu la waya, taratibu, kwa sababu ya uvimbe. Gachanja aliupokea kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa wa moto. Aliushika kama alivyoushika siku ile ya kupima, na Asenath akaegemeza paji la uso kwenye waya, akafumba macho, akamwambia hajamsamehe, asifikiri amemsamehe, amechoka tu. Gachanja akasema sawa. Asenath akasema ameogopa sana. Gachanja akasema hata yeye. Jecinta aligeukia upande wa mahindi ya kuchoma akajifanya anaulizia.

Majina yalianza. Yalisomwa la mtu pamoja na la ukoo, na baada ya kila jina kulikuwa na kilio cha furaha mahali fulani na kimya mahali pengi. Asenath hakuinua kichwa. Kila jina lililopita Gachanja alihesabu kuwa la Asenath limepotea, na mkono ndani ya mikono yake ulizidi kumbana, na hakujua tena anaogopa lipi kati ya mawili.

"Asenath Andati."

Alifumbua macho. Hakuruka wala hakupiga kelele kama wenzake. Alimtazama Gachanja kwa karibu, kupitia waya, akasubiri. Gachanja alielewa kwamba hamuulizi ruhusa. Alikuwa anamtazama tu, apate kujua ni mtu wa namna gani anayemwacha nyuma.

"Asenath Andati," kipaza sauti kilirudia. "Yuko au hayuko?"

Jecinta alikuwa amegeuka. Watu wa waya walikuwa wamegeuka. Gachanja alimshika kwa pumzi moja zaidi, kisha akafungua vidole vyake, kimoja baada ya kingine, mpaka mkono ule uliovimba ukabaki peke yake juu ya kiganja chake.

"Yuko," aliita Gachanja kwa sauti iliyopasuka. "Afande, yuko. Anakuja."